Jinsi ya kuandika filamu ya vita ya makuruta, kuanzia depo mpaka Lukaya

Nimesoma skripti nyingi za vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya vita hapa kwetu na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Kijana yuko shambani, redio inatangaza vita, mama analia, afu ukurasa wa nne kijana ana kombati na bunduki ya SMG yuko porini anamwaga risasi kama mvua ya masika. Depo, yaani kambi ya mafunzo ya makuruta, imerukwa yote. Ikitajwa basi ni dakika mbili za muziki, watu wanakimbia, wanaruka kichura, jua linazama, wamekuwa askari.

Mimi nasema ukiruka depo umeua filamu hapohapo, kwa sababu depo ndo mahali unapokopa na vitani ndo unapolipa. Kila kitu kitakachomuuma mtazamaji kule mbele lazima umekikopa kwake kule nyuma, wimbo, jina la utani, mtu anayeshindwa kufunga kamba za buti, afande aliyemwambia mtu neno moja usiku. Hujakopa, huna cha kulipa, utabaki na milipuko tu na milipuko hatuna hela nayo.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuandika filamu ya saa moja na nusu mpaka mbili inayowafuata vijana kuanzia siku ya kwanza kambini mpaka siku wanayopigwa kweli. Nitatumia Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, maana ndo vita vyetu na wazee wake bado tunao, ingawa wanapungua kila mwaka, na hilo peke yake ni sababu ya kuharakisha.

Chukua siku moja, achana na vita nzima

Kosa la kwanza ni kutaka kusimulia kila kitu. Majeshi ya Amin yanaingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, daraja la Kyaka linalipuliwa mapema Novemba, Mwalimu Nyerere anahutubia taifa kuhusu uwezo, sababu na nia, wanajeshi wanavuka mto, Mutukula Januari, Masaka Februari, Kampala inaanguka 11 Aprili 1979, afu bado kuna Jinja na kaskazini yote mpaka Juni. Hiyo ni tamthilia ya msimu mzima, huwezi kuibana kwenye filamu moja ukabaki na watu ndani yake, utabaki na ramani.

Chukua siku moja iwe ndo mzigo wa filamu. Mimi nakushauri Lukaya, 10 Machi 1979, na ngoja nieleze kwa nini maana hapa ndo pana kisa chenyewe.

Jeshi letu kabla ya vita halikufika watu 40,000. Ndani ya miezi michache likapita 150,000, na humo mgambo peke yao walikuwa karibu 40,000. Yaani ukiangalia safu ya askari waliokuwa wanatembea kwenda Kampala, wengi mwaka mmoja nyuma walikuwa wanalima, wanafundisha shule, wanauza duka la ushirika, wako JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Sasa Brigedi ya 201 ilikuwa karibu yote ni watu wa namna hiyo, mgambo na makuruta wapya, wengi hawajawahi kusikia bunduki ya adui. Ndo wanafika Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na mbele yake kuna kinamasi kikubwa ambacho magari hayapiti ila juu ya tuta la barabara tu. Kutoka upande wa Kampala inakuja kolamu ya Walibya, Gaddafi kawatuma kumsaidia Amin, wana vifaru vya T-55 na roketi za Katyusha.

Roketi zikafyatuliwa. Nyingi zikapita juu ya vichwa zikaangukia nyuma huko, hazikuua watu wengi. Lakini ule mlio! Vijana wakavunja safu wakakimbia. Siku iliyofuata Brigedi ya 208, iliyokuwa imetangulia mbali kwa njia nyingine, ikarudishwa ikapiga kutoka ubavuni, na walewale wa 201 waliokimbia jana wakakusanywa wakapangwa upya wakarudi kupiga kutoka mbele. Walibya na askari wa Amin wakasambaratika, na ndo ikawa pigano kubwa kuliko yote ya vita ile.

Umeona? Vijana wanakimbia sauti, afu wanarudi. Hiyo ni filamu. Huhitaji kuongeza jasusi wala mapenzi na binti wa Kiganda.

Nenda kwa mzee kabla hujafungua laptop

Vitabu vipo na uvisome, lakini jasho na harufu viko kwa wazee. Ukienda usiende na kamera siku ya kwanza. Nenda na sukari na majani ya chai, toa shikamoo yako vizuri, kaa, ongeeni habari za mvua na wajukuu. Na usiulize kabisa swali la "mzee uliua wangapi". Nimeona kijana anamuuliza mzee swali hilo kwenye kikao na mzee akanyamaza, akasimama akaenda kuangalia mbuzi wake na hakurudi tena, kikao kimeishia hapo.

Mimi nilikuwa na mzee mmoja jirani, alikuwa mgambo, kila nikimuuliza vita anasema tulienda tukarudi, basi. Wiki tatu. Siku moja nikamuuliza tu mzee zile buti mlizopewa zilikuwaje. Akacheka. Akavua kandambili akanionesha kidole gumba cha mguu wa kulia, ukucha umeota umepinda umekuwa mnene kama kipande cha pembe, akasema alipewa buti ndogo kwa namba moja na hakukuwa na ya kubadilisha, akachana kwa kisu pale mbele kidole kitokeze, na kwenye kinamasi maji yakawa yanaingilia pale. Afu kutoka kwenye kidole akaenda mwenyewe mpaka kwenye siku ya roketi bila mimi kuuliza kitu. Aliongea saa mbili. Mkewe alikuwa anachambua mchele pembeni, akaacha ungo akasikiliza, na baadaye akaniambia miaka yote ya ndoa hajawahi kuyasikia yale.

Kwa hiyo uliza vitu vya mwili na vya mkono. Buti zilikuwaje, mlikula nini, mlilala na nani ubavuni, nani alikuwa anakoroma, mlikuwa mnaimba nini, barua ulimwandikia nani, uliumwa nini. Mzee akishika kitu kidogo kitamfikisha mwenyewe kwenye kikubwa. Na akilia we nyamaza, usimpe pole za harakaharaka zinamkatisha.

Andika jioni hiyohiyo. Ukilala nayo inaanza kuwa yako.

Watu sita, sio thelathini

Platuni ina watu kama thelathini ila mtazamaji anaweza kuwapenda sita, saba kwa shida. Wengine wote wawe sura na sauti. Sita hawa walale jirani kwenye hanga moja, yaani bweni la makuruta, hiyo inakurahisishia kila kitu maana maongezi ya usiku taa zikishazimwa ndo moyo wa nusu ya kwanza.

Usiwagawe kwa makabila, Msukuma mkubwa mpole, Mchaga anapenda hela, Mzaramo anapenda ngoma, tumechoka na huo uvivu na sio kweli. Wagawe kwa kile wanachokiogopa na kile wanachokificha. Mmoja kadanganya umri. Mmoja ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, anajua kusoma kuliko koplo wake na inabidi akae kimya. Mmoja kaacha mke mjamzito. Mmoja anaogopa maji kwa sababu ndugu yake alizama, na huyu ndo unampeleka kwenye kinamasi, umeona mkopo unavyofanya kazi. Mmoja anaimba vizuri ndo anayeongoza chenja, zile nyimbo za mchakamchaka. Na mmoja hawezi kwata, yaani gwaride, mguu wa kushoto na mkono wa kushoto vinaenda pamoja, na kwa sababu yake wote wanakula doso, adhabu ya kambini.

Mpe kila mtu kitu kimoja cha kushika mkononi. Kitu, sio tabia. Kisu cha baba, picha, kijiko chenye alama, kalamu. Kitu kinaweza kupotea, kikaokotwa, kikarudishwa nyumbani na mtu mwingine, na pale huhitaji mazungumzo hata sentensi moja.

Depo yenyewe

Hapa usiwe na haraka. Kwenye filamu ya dakika 110 mimi ningeipa depo dakika 40. Muongozaji Stanley Kubrick kwenye filamu ya Full Metal Jacket ya 1987 aliwapa makuruta wa Marine, jeshi la Marekani, karibu dakika 45 za mwanzo ndani ya kambi kabla hujaiona Vietnam hata kidogo, na ukiwauliza watu wanakumbuka nini kwenye ile filamu wengi watakwambia kambi.

Anza na ratiba, ratiba ndo adui wa kwanza wa kuruta. Baragumu giza bado, mchakamchaka, fatiki yaani kazi za mikono, chai, kwata, darasa la silaha, mesi, kwata tena, usafi, lindo usiku. Andika siku moja kamili kwa urefu, kila hatua, mpaka mtazamaji achoke nao. Afu siku zinazofuata unazikata tu, baragumu na sura, baragumu na sura, na kila sura imebadilika kidogo. Kwa wale mliopita JKT kwa mujibu wa sheria mnaijua hii, wiki ya kwanza ni ndefu kuliko miezi yote iliyobaki.

Kwata usiiandike kama "wanafanya kwata". Andika amri. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Amri ya Kiswahili ina mdundo wake, neno la kwanza linavutwa, la pili linakatwa kama panga, na muongozaji mzuri atakata picha zake kwa mdundo huohuo. Na kwata ina maana kwenye kisa, sio mapambo. Inamfundisha mtu mwili wake usikie sauti ya mtu mmoja kabla akili haijauliza swali. Sasa fikiria Lukaya roketi zinalia na sauti ya yule mtu mmoja haisikiki tena. Ule mwili uliofundishwa kusikiliza unasikiliza nini? Unasikiliza roketi, unakimbia. Ukishaandika kwata vizuri hutahitaji mtu yeyote aeleze kwa nini walikimbia.

Kuhusu afande. Tafadhali usimfanye mwendawazimu anayetukana tu. Wa kwetu anatisha zaidi akiwa mtulivu. Mpe sababu, labda yeye alikuwepo mwezi Novemba kule Kagera akaona vijiji vilivyochomwa na ng'ombe waliobebwa, anajua hawa watoto wana wiki chache tu na hazitoshi, na ukali wake wote ni hesabu anayoipiga kichwani ya wangapi watarudi. Asiseme hilo hata mara moja. Aoneshe tu, usiku anapita hanga na tochi anahesabu vitanda, anarudia kuhesabu.

Mfano wa sini, yaani tukio moja la filamu, iangalie ilivyo fupi:

NDANI. HANGA. USIKU.
Vitanda viwili viwili. Mtu anakohoa. Mwanga wa tochi unapita kwenye nyuso. Unasimama kwa JUMANNE, macho wazi.
AFANDE: Hulali?
JUMANNE: Nalala afande.
AFANDE: Mguu?
JUMANNE: Umepona afande.
Afande anamulika mguu. Haujapona. Mwanga unaondoka, hatua zinaenda, zinasimama, zinarudi. Kopo la mafuta ya mgando linawekwa sakafuni. Hatua zinaenda.

Mistari minne ya maneno. Kopo hilo lirudi Lukaya, liwe tupu au limejaa matope, we mwenyewe utajua, ila lirudi.

Kama unaweza, mtafute mwalimu wa kwata mstaafu akae na waigizaji wako wiki mbili, na usishangae akiwa mwigizaji bora kuliko wote. R. Lee Ermey yule wa Full Metal Jacket alikuwa mkufunzi wa makuruta wa Marine kweli, walimchukua kwanza kama mshauri tu. Mtu aliyeamrisha watu maisha yake yote ana kitu kwenye mgongo na kwenye pumzi ambacho huwezi kumfundisha mwigizaji kwa mwezi mmoja.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui, mgambo wengi mafunzo yao ya kwanza hayakuwa kambini. Baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 mgambo ulienea vijijini na makazini, watu wanafanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule. Yule mzee jirani yangu alianza na bunduki ya mti. Aliichonga mwenyewe. Kwa hiyo una depo mbili, ile ya kijijini ambapo bado ni kama mchezo, watoto wanawaiga pembeni na vijiti, na ile ya kambini ambapo mchezo umeisha. Hiyo hatua kati ya mti na chuma ni sini nzuri sana, siku anapokabidhiwa silaha ya kweli na mikono inashangaa uzito.

Lori

Fupi. Usiandike zaidi ya dakika tano. Mabasi na malori ya watu binafsi na mashirika yalichukuliwa kubeba wanajeshi, kwa hiyo vijana wako wanaweza kwenda vitani kwenye basi lile lile walilokuwa wanapanda kwenda mnadani, na mmoja akaikuta siti aliyochora jina lake. Wanaimba mkoa mzima. Afu wanafika Kyaka, wanaona kanisa kule juu lililopigwa mizinga, magofu yake yapo mpaka leo, na wimbo unakufa wenyewe sauti moja moja mpaka anabaki yule mwongoza chenja peke yake, naye anaacha katikati ya mstari. Umemaliza.

Lukaya, na jinsi ya kuandika hofu

Kabla hujaandika risasi hata moja chora ramani kwenye daftari. Barabara ni mstari mmoja ulionyooka juu ya tuta. Kushoto na kulia ni kinamasi, mafunjo marefu kuliko mtu. Mbele ni Kampala, nyuma ni Masaka. Adui atatoka mbele, juu ya barabara hiyohiyo, hakuna njia nyingine. Mtazamaji aijue hii ramani kabla ya mapigano kuanza, mpe koplo achore kwa kijiti kwenye vumbi, sekunde ishirini. Filamu nyingi za vita unaangalia watu wanapiga risasi hujui wanampiga nani yuko wapi, na ukishapotea huogopi tena, unasubiri tu iishe. Hofu inataka ujue mlango ambao simba atatokea.

Afu subira. Andika kusubiri kwa muda mrefu. Wanachimba mahandaki, maji yanajaa humo maana ni kinamasi, wanayachota kwa kofia yanajaa tena. Yule anayeogopa maji amekaa kwenye maji mpaka kiunoni. Mtu anagawa muhogo. Mbu. Mtu anasimulia habari ya mbuzi wao aliyekula barua ya posa na wanacheka kwa kujibana. Kunakuwa kimya.

Sasa roketi. BM-21, gari la kufyatulia hizo Katyusha, moja lina mirija 40, na ikifyatua mfululizo ule mlio sio wa bunduki, wazee wanauelezea kwa midomo na kila mmoja anatoa sauti tofauti. Sisi pia tulikuwa nazo, Waganda waliziita saba saba, na hapa kuna kitu cha kutumia, vijana wako wamewahi kusikia mlio huo ukitoka kwao kwenda kwa adui na wakashangilia. Leo unakuja kwao. Mlio uleule. Weka ile shangwe mapema, dakika kumi kabla, hutajuta.

Hapa ndo ushauri wangu mkubwa kwa mtu asiye na hela. Usioneshe roketi. Onesha sura na mafunjo. Kwanza ndege wanaruka wote kwa pamoja kutoka kwenye kinamasi, maelfu, na hakuna mtu anayejua kwa nini. Afu sauti. Afu maji ndani ya handaki yanatetemeka, yale maji machafu yana viduara vidogo vidogo. Milipuko iwe nyuma yetu, mbali, moshi tu. Hakuna aliyeumia. Kamera itembee kwenye nyuso sita, na mtu wa kwanza kusimama asiwe yule uliyemwandaa kuwa mwoga, awe yule mwimbaji, yule anayependwa na wote. Akisimama yeye, wamesimama wote.

Na wakikimbia waache wakimbie. Usiwatetee, usiwape mtu wa kusema turudi nyuma kimkakati. Kuna waandishi wanaogopa kuandika askari wetu wanakimbia, wanaona ni kuwavunjia heshima wazee. Mimi naona kinyume chake. Ukificha kwamba walikimbia umewanyima kurudi kwao, na kurudi kwao ndo kitu kikubwa walichofanya. Mtu asiyejua hofu akienda mbele hajafanya kitu. Mtu aliyekimbia jana saa kumi, amelala porini na aibu yake, amekutana na wenzake macho hayatazamani, leo anapangwa mstari anaambiwa tunaenda palepale, naye anaenda, huyo ndo wa kumpigia saluti.

Huo usiku wa katikati uupe nafasi. Makundi madogo madogo gizani, watu wanaitana kwa majina ya chini chini, mtu amepoteza silaha hathubutu kusema. Afande awakute. Mtazamaji anategemea atawatukana kama kule depo. Asiwatukane. Ahesabu. Kama alivyokuwa anahesabu vitanda. Na arudie kuhesabu.

Asubuhi ya kurudi iwe na maneno machache kuliko sini yoyote ya filamu. Wanatembea. Yule asiyeweza kwata, mguu na mkono vya upande mmoja vinaenda pamoja vilevile, kamera imwone kwa nyuma, na mwenzake aliyemchukia kwa ajili ya doso sasa anatembea akifuata hatua zake. Nani afe? Huo ni uamuzi wako ila nakuomba asife kwa hotuba. Mtu anakuwepo kwenye sini, afu sini inayofuata hayupo, na kijiko chake kipo.

Ukiwa huna bajeti

Usinunue kombati mtaani. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na Agosti 2023 JWTZ, jeshi letu la wananchi, walitoa siku saba watu wote wenye sare au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe. Nenda kwa njia halali, kibali cha Bodi ya Filamu kwanza, sheria yake ni ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na barua kwa jeshi ueleze skripti inahusu nini, uambatanishe skripti nzima maana watataka kuisoma. Anza mapema sana, miezi kabla ya kupiga picha. Kuna rafiki yangu alishika waigizaji kumi na mbili na jenereta la kukodi akisubiri barua, hela yote ikaishia kwenye chakula cha kusubiri. Na kumbuka sare ya 1979 sio hii ya leo, fundi wako anaweza kushona kitu cha zama zile kutoka kwenye picha za magazeti, ila bado kibali unakihitaji.

Usipige picha karibu na kambi yoyote ya jeshi bila ruhusa ya maandishi, hata kama unapita tu njiani.

Lokesheni, usiwaze kwenda Uganda. Mabonde ya Ruvu yana maji na majani marefu, ukiweka kamera chini usawa wa maji hakuna atakayejua, mafunjo ya mbele unaweza kuyapanda mwenyewe kwenye madebe ukayasogeza. Full Metal Jacket mji wa Hue wa Vietnam walipiga kwenye kiwanda kibovu cha gesi cha Beckton mashariki mwa London, minazi wakaileta kutoka Hispania wakaisimika. Kama wao walifanya London iwe Vietnam, wewe Ruvu itakuwa Lukaya.

Hela uliyonayo iweke kwenye sauti. Tena naomba unielewe vizuri hapa, sauti ya filamu hii ndo adui, ukimlipa mtu wa sauti vibaya umemlipa adui vibaya. Bunduki za mti zilizopakwa rangi zinatosha kwa watu wa nyuma, wa mbele wawili watatu wawe na nzuri.

Kiswahili cha mwaka ule

Hakuna "mwanangu" wala "oya kaka" kwenye 1979. Ni ndugu, bwana, afande, mzee, na kwa jina. Redio ni RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na inasikilizwa na watu kumi kwa pamoja. Barua inaanza na "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako". Barua isomwe yote, usiikate, zile salamu ndefu za ndugu mmoja mmoja ndo zinazoliza.

Wanaporudi

Usimalizie Kampala na bendera. Rudisha wawili watatu nyumbani. Mwalimu alishasema tufunge mkanda miezi kumi na nane, maduka hayana sabuni wala sukari, mgambo wanarudi kwenye majembe yao. Kijana anafika kijijini jioni. Watoto walewale waliokuwa wanaiga kwata na vijiti wamekua kidogo, wanamkimbilia wanajipanga mstari wanampigia saluti. Anasimama hajui afanye nini na mikono yake. Ana kijiko mfukoni sio chake, na nyumba ya kukipeleka iko kwenye kijiji cha pili, kilomita tisa. Hajaingia kwao bado. Anauliza njia ya kule, anaenda.

Ukurasa huo wa mwisho uandike kwanza kabla ya mwingine wowote, afu rudi depo ukakope.